Nyasi Mbichi Zimezipika Nyanya za Mama Mkwe

Bi Mshauri wangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, mbele ya tuta la nyanya ambalo si langu, na msaada ninaouomba hauwezi kungoja, kwa sababu mwenye tuta anarudi baada ya siku tisa na mimi nimeshamdanganya kwa simu mara mbili, mara ya kwanza kwa kutojua na mara ya pili kwa kujua kabisa.

Mimi ni mkata nyasi wa hospitali. Nasema hivyo mapema usije ukadhani unaandikiwa na mtu asiyezijua nyasi. Nimezikata miaka ishirini na miwili, nazijua zikiwa na umande na zikiwa na vumbi, najua zinavyokimbia kukua baada ya mvua kama zinafukuzwa, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali lolote kuhusu nyasi, isipokuwa daktari mmoja aliyetaka kujua kama ninaweza kuzikata bila kelele.

Nyumbani naishi na mke wangu, ambaye ni muuguzi katika hospitali hiyohiyo, na mama yake mzazi, aliyehamia kwetu alipostaafu ualimu. Nyuma ya nyumba mama mkwe ana tuta moja la nyanya, refu kama korido ya wodi, na nyanya zake si hizi za sokoni, ni kubwa, zina mikunjo kama shuka lililolaliwa, zinapasuka hata ukizitazama vibaya, hakuna mchuuzi anayezitaka, lakini ukila moja hapohapo tutani hutasema neno mpaka umalize na ulambe kiganja. Mbegu zake huzikausha juu ya karatasi, huzitia kwenye kichupa cha dawa, na mwaka huu alisema zimezeeka, zikikaa zaidi zitagoma kuota, basi akazimwaga zote kitaluni apate mpya. Ikaota miche thelathini na mmoja. Kichupa kikabaki kitupu, na hakuna duka lolote linalouza mbegu hizo, maana hata jina hazina, sisi tunaziita tu nyanya za mama.

Miche ilipofika magotini, shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, akakaribia kujifungua, na mama akaitwa akakae naye. Asubuhi ya safari alinipeleka tutani, mkoba begani, viatu vya safari miguuni.

"Mkwe, hawa ndio watoto wangu. Usiwape maji mengi, usiwape machache. Jua likizidi, wafunike miguu kidogo."

"Kidogo kiasi gani, mama?"

"Kidogo, mwanangu. Wewe si mtu mzima?"

Bi Mshauri, jua likazidi. Na wiki hiyohiyo nikamsikia mtaalamu wa kilimo redioni akisema kwamba udongo usiachwe uchi, utandazwe nyasi, unyevu ukae na magugu yakose pa kupumulia, nikacheka peke yangu jikoni, kwa sababu miaka ishirini na miwili nimekuwa nikizimwaga nyasi kwenye shimo nyuma ya chumba cha kufulia kana kwamba ni takataka, kumbe nilikuwa namwaga hazina, na kama kuna mtu hapa mjini mwenye nyasi kuliko mimi basi ni ng'ombe. Kesho yake nikaanza kazi mapema, umande bado haujakauka, nikakata uwanja wote wa mbele, nikashindilia magunia ishirini na sita, nikaazima mkokoteni wa watu wa kufua, nikaenda nyumbani na kurudi mara nne. Nikalifunika tuta mpaka juu ya vifundo vya miguu. Nikazisogeza nyasi zikabana mashina, kama unavyomfunika mgonjwa shuka mpaka kidevuni, halafu, naona aibu kuandika hili, nikapanda juu nikazikanyagakanyaga zikae sawa. Magunia ya kwanza nilikuwa nimeyamwaga mwanzo wa tuta yawe akiba, rundo likanifika kifuani. Mama akapiga simu.

"Wanaendeleaje?"

"Vizuri mama, nimewafunika."

"Kidogo?"

"Kidogo."

Huo ndio uongo wa kwanza, na naapa nilidhani ni kweli, kwa mtu mwenye uwanja mzima wa nyasi zile zilikuwa kidogo.

Siku ya tatu asubuhi nikatoka na kikombe cha chai, nikakuta tuta linafuka. Nikakimbilia ndoo ya maji nikidhani kuna mtu katupa kiberiti. Lakini haukuwa moshi, Bi Mshauri, ulikuwa mvuke, unapanda polepole, mweupe, kama kwenye sufuria iliyofunikwa vibaya, na moto haupo popote. Nikaweka ndoo chini. Nikaingiza mkono kwenye lile rundo la kifuani, ukafika kiwiko, nikauchomoa kama niliyeng'atwa.

Mke wangu akatoka, sare ya kazi tayari mwilini.

"Ingiza mkono hapa," nikamwambia.

"Sina muda wa michezo yako, baba watoto."

"Ingiza tu."

Akaingiza vidole viwili. Akavitoa, akanitazama mimi, akazitazama nyasi, akarudi ndani akaja na kipimajoto cha kazini, kile cha betri, akakichomeka. Kikalia pii pii pii, kikaandika alama ambayo yeye, muuguzi wa miaka kumi na mitano, hakuwa amewahi kuiona.

"Huyu mgonjwa wako," akasema taratibu, "ningemkuta wodini ningeagiza ndugu zake waitwe."

Akachelewa kazini siku ile. Hajawahi kuchelewa.

Jirani yetu ni fundi wa magari, mtu asiyeamini kitu mpaka akifungue kwa spana. Alipoambiwa alicheka, akaleta yai, akalifukia ndani kabisa ya rundo, akaenda gereji kwake. Jioni akalifukua akalimenya mbele ya watu kumi na wawili. Ute ulikuwa mweupe, umeganda, kiini bado laini. Akalila lote, akajipangusa mdomo, akalizunguka rundo mara mbili akiwa amefunga mikono nyuma.

"Hii ni injini," akasema. "Ila sijaona mafuta yanaingilia wapi."

Basi, Bi Mshauri, hapo ndipo penye ungamo langu, na naliandika haraka kabla sijabadili mawazo. Siku hiyohiyo ya tatu niliona majani ya chini ya nyanya yamelegea. Niliona. Nilijua kuna kitu hakiko sawa, na ningeziondoa nyasi jioni ile labda miche yote ingepona, lakini watu walikuwa wanakuja, watu wazima na heshima zao, wanavua saa, wanaingiza mikono, halafu wananigeukia mimi na kuniuliza kwa sauti ya chini, imekuwaje hii? Wakaanza kuniita Profesa. Yule daktari asiyependa kelele naye alikuja, akaingiza mkono, akasema "lahaula", akanishika bega. Nikasema moyoni, siku moja zaidi. Halafu nikasema siku nyingine moja.

Siku ya tano harufu ikabadilika. Nikafunua. Chini nyasi zilikuwa zimegandana kama mkeka uliolowa, zina utelezi, na kila shina nililoligusa lilikuwa la kahawia shingoni, laini, limepikwa. Miche ikawa inaanguka mmoja mmoja nikiitazama, bila hata kuigusa. Ishirini na mitano.

Lakini nisikilize na hili, kwa sababu nadhani ndilo linalonikosesha usingizi kuliko hata makosa yangu. Mwisho wa tuta, upande wa ukuta, gunia la mwisho lilinipungukia, nikaona uvivu kurudi kwenye rundo, nikawa nimenyunyiza tu, safu nyembamba unaona udongo kwa chini, na jua likazikausha siku hiyohiyo. Hapo kuna miche sita. Iko hai. Na si hai tu, imekuwa ya kijani kibichi cha kukolea, minene kuliko ilivyokuwa, miwili imeanza maua. Nikafunua kidogo kwa kidole. Udongo wa pembeni, usiofunikwa, umepasuka kama kisigino, na huu wa chini ya nyasi ni mweusi, una unyevu, unafinyangika kama unga uliokandwa, na nyungunyungu wamejaa, wanapita wakienda kwenye shughuli zao kana kwamba sipo. Nyasi ni zilezile, gunia ni moja, zimekatwa na mkono mmoja asubuhi moja. Hapa zimeua, na hatua nne mbele zimelea. Nilipiga magoti pale mpaka mke wangu akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Mama akapiga simu tena. "Wanangu?" Nikamwambia wamenenepa. Huo ndio uongo wa pili.

Sasa mke wangu anasema tununue miche ishirini na mitano sokoni, tuipande kwenye mashimo yaleyale, tusafishe, tunyamaze. "Nyanya ni nyanya, baba watoto. Akija kujua zitakuwa zimeshaliwa." Ameshaileta, iko kwenye trei hapa kando ya ndoo, mizuri, imenyooka yote kama wanafunzi wa sare. Namtazama mke wangu, naitazama trei, nalitazama tuta. Mama mkwe hajawahi kunitolea neno baya tangu nimuoe binti yake. Nipande nisipande? Na nielezee vipi, na ile sita nifanyeje isife nayo, na kwa jina la Mungu, kitu gani kilikuwa kinawaka mle ndani?

Ni mimi niliyechanganyikiwa,
Mkata Nyasi wa Hospitali
(namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha, usiichapishe)

*

MSHAURI ANAJIBU

Mkata Nyasi,

Barua yako imeletwa mkononi jana mchana, nayo ilikuwa inanuka nyasi. Gazeti linatoka kesho, kwa hiyo unaposoma haya zimebaki siku saba. Inuka kwenye hiyo ndoo.

Nianze na trei. Irudishe, au ipande kwingine mbali kabisa na tuta la mama, waziwazi, na useme ni ya sokoni. Mkeo ni muuguzi, basi muulize hivi kwa niaba yangu: kichanga kikifariki mikononi mwake wodini, ataazima kingine kitanda cha pili akampe mama yake, kwa hoja kwamba vichanga hufanana? Ataona swali langu ni la kikatili, na mimi naona wazo lake ni la kikatili zaidi, maana mama yenu angeimwagilia miezi mitatu, angeipigia hodi asubuhi, angeifunga kamba kwenye vijiti, halafu siku ya kwanza ya kuvuna angeshika nyanya laini, ya mviringo, isiyo na mkunjo hata mmoja. Mwalimu mstaafu. Ameshakamata waliokopiana mtihani tangu wewe hujaota ndevu. Na siku hiyo hasira yake isingekuwa ya nyanya.

Sasa swali lako la mwisho, kwa sababu najua ndilo ulilotaka kuliuliza kwanza. Kilichokuwa kinawaka mle ndani ni uhai. Nyasi mbichi ni chakula, na chakula kikishindiliwa kikiwa na maji huja walaji, viumbe wadogo mno, ukiwaweka elfu juu ya kichwa cha sindano hawatabanana. Wanakula, wanapumua, wanazaana, na kila anayekula hutoa joto kidogo, kama wewe ulivyo na joto hapo ulipo. Mmoja wao joto lake si kitu. Lakini wewe uliwaalika wasiohesabika, ukawapa karamu ya magunia ishirini na sita, ukawafungia na mlango kwa kuwakanyaga juu. Joto likakosa pa kutokea. Yule fundi jirani yako mwambie aliuliza swali zuri kuliko daktari: mafuta yalikuwa ndiyo yaleyale majani, yaliyokusanya jua wiki nzima uwanjani kabla hujayakata. Ulichokishika kwa kiwiko ni jua, ndugu yangu. Lilikuwa limelala kwenye nyasi, wadudu wakaliamsha.

Mimi sikusomea haya darasani. Nilikuwa kama wewe, niliingiza mkono mahali nisipoambiwa, na tangu siku hiyo sijawahi kupita kando ya uwanja uliokatwa bila kujiona napita karibu na kitu kikubwa kinachojifanya kidogo. Kwa hiyo mshangao wako siulaumu, na Uprofesa wako sina shida nao pia. Ninachokulaumia ni siku mbili. Siku ya tatu uliona majani yamelegea, na siku ya tano ndipo ukafunua. Umeandika mwenyewe, "niliona". Katika siku hizo mbili hukuwa na kosa la kutojua, ulikuwa unajua na ulikuwa unashikwa bega. Ningependa usilifiche hilo ndani ya sentensi ndefu utakapoongea na mama mkwe, kama ulivyojaribu kulificha kwangu.

Haya, kazi.

Leo kabla ya jambo jingine lolote, toa ule mkeka wa utelezi wote juu ya tuta, hata kipande. Udongo upate hewa. Usipande kitu mpaka ukiuingiza kidole uwe baridi kama kuta za choo, na ile harufu iwe imekwisha. Rundo la kifuani livunje, lisogeze mbali na mashina, lichanganye na majani makavu yoyote utakayoyapata, uligeuze kwa uma wa bustani kila baada ya siku tatu nne. Litafuka tena, usitishike, na usiite watu. Baada ya miezi michache litakuwa mbolea nyeusi inayonukia msitu.

Ile miche sita usiiguse vazi lake la nyasi. Umeona kwa macho yako namna nyasi zinavyotakiwa, kwa bahati ya gunia kuisha, na sasa ufanye kwa makusudi ulichofanya kwa upungufu. Ukikata, zianike siku moja au mbili mpaka ukizishika zichakarike. Kisha tandaza unene wa vidole viwili, basi. Shina liachie nafasi ya kiganja pande zote, lipumue, maana shina la nyanya likivalishwa kitu kibichi shingoni huoza. Zile zikishalika na udongo, na zitalika, ongeza safu nyingine nyembamba. Hiyo ndiyo "kidogo" uliyoambiwa. Usitumie nyasi zilizokwisha kutoa mbegu, utapanda uwanja wa hospitali katikati ya nyanya. Na muulize msimamizi wako, leo, kama uwanja ule hupigwa dawa ya kuua magugu. Kama hupigwa, nyasi zake zisiingie bustanini tena, hata zikauke vipi, kwa kuwa nyanya huisikia dawa hiyo kabla hata pua yako haijaisikia. Miche yako sita haijajikunja majani, kwa hiyo nadhani mmesalimika, lakini kudhani ndiko kumekufikisha hapa.

Sasa sikiliza hili vizuri, uiite na trei yako ya sokoni isikilize. Itazame ile miche sita, pale kwapani, kati ya shina na tawi. Utaona chipukizi linachomoza. Likifika urefu wa kidole chako kirefu, likate, ondoa majani ya chini, lichomeke kwenye kopo lenye udongo uliolowa, uliweke kivulini, usiliache likauke. Siku saba mpaka kumi, litakuwa na mizizi. Nyanya hufanya hivyo, shina lake lote limejaa mizizi inayongoja kuitwa. Na kitakachoota hakitakuwa jamaa wa nyanya za mama, kitakuwa ndizo zenyewe, mwili uleule. Mche mmoja hauwezi kukosa machipukizi mawili. Sita mara mbili ujijazie. Na kila nyanya moja ikiiva ina mbegu za kujaza kichupa kile na kingine cha jirani.

Hujaua ukoo. Umeupunguza, na umeupunguza vibaya, lakini mizizi iko.

Limebaki la simu. Utapiga leo, si siku akishuka na mizigo. Mtu akiambiwa akiwa mbali hupata muda wa kukasirika, akalala, akaamka. Mtu akigundua mlangoni hukasirika akiwa amechoka. Na ukipiga sema "miche", usiseme "watoto wako", mama wa watu yuko kwenye nyumba yenye mzazi, atadhani ni kichanga, utamwangusha. Taja ishirini na mitano kabla hajauliza. Taja uongo wa pili, kwa jina lake. Kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuuma.

Nilipofika hapa nilikuwa nimemaliza, ukurasa ulikuwa unangojewa, lakini nikafanya jambo ambalo sijalifanya tangu nianze kuandika hapa. Niligeuza bahasha nikakupigia. Ulipokea ukihema. Nikakwambia mpigie sasa hivi, nangoja. Ikapita karibu saa nzima. Ukanipigia, na kwa ruhusa yako nawaandikia wasomaji kama ulivyonisimulia.

"Mama, ile miche nimeiharibu. Niliifunika nyasi mbichi nyingi mno, zikaipika. Imekufa ishirini na mitano. Na niliona mapema nikaacha, nilikuwa nafurahia watu kunisifu. Na niliposema imenenepa nilikuwa nakudanganya."

Umesema ulisikia kichanga kikilia nyuma yake, na mtu akikibembeleza.

"Imebaki sita," akasema mama. Alikuwa ameshatoa hesabu.

"Sita, mama."

"Imesimama?"

"Imesimama. Miwili ina maua."

Ukasikia kiti kikivutwa, akaketi.

"Unajua mimi nilianza na mingapi?"

"Sijui, mama."

"Mmoja. Mbegu nilipewa kiganja kizima, nikazimwagilia kama mafuriko, zikaoza zote ardhini. Ukatoka mmoja. Na huo mmoja kuku akaudonoa kichwa."

Ukasema ulikaa chini, palepale tutani. Nyanya zote mlizokula nyumba hiyo, miaka yote, na zile alizogawa, na thelathini na mmoja wa mwaka huu, zimetoka kwenye kisiki kimoja kisicho na kichwa, ambacho mwalimu fulani kijana hakukubali kuking'oa.

Baada ya hapo, ukaniambia, alikugombeza dakika ishirini bila kumeza mate, na hukumkatiza. Umefanya vizuri. Alikuwa na haki ya dakika arobaini.

Kwa hiyo usikae tena kwenye ndoo. Kesho alfajiri, jua halijawa kali, osha kisu kwa sabuni, kinoe, andaa makopo kumi na mawili yenye matundu chini. Mkeo akate yeye machipukizi yaliyofika urefu, ana mkono wa sindano, wewe uchomeke. Na udongo uwe na unyevu tu, usiwe tope.